Picha ya Ajali Inaporudi Bila Kuitwa

Miezi miwili iliyopita daladala iliigonga bodaboda niliyopanda. Kila breki zikilia, naiona ile taa ikinijia. Je, narukwa na akili?

Pole sana, na hapana, hurukwi na akili. Wakati wa hatari ubongo hunasa kwa nguvu kile ambacho macho na masikio yanapokea, lakini hauwahi kukiweka mahali pake na wakati wake. Ndiyo maana mlio wa breki hukurudishia ile taa kana kwamba inakujia sasa hivi. Picha ikija, tafuta kwa makusudi tofauti ya siku ile na leo: breki zinalia vilevile, ila leo umesimama kituoni, ni asubuhi, na mkononi umeshika mfuko wa nyanya. Kwa kuwa mwezi wa kwanza umekwisha pita, ukiona usingizi au kazi inavurugika, muone mtaalamu wa afya ya akili.

Ndugu zangu husema, "Yaliyopita si ndwele." Mbona nikijikaza kusahau ndipo yanazidi?

Wanakupenda, lakini katika hili yaliyopita ni ndwele hasa, nayo hugangwa kwa kuyasimulia mwanzo hadi mwisho mbele ya mtu aliyefundishwa, si kwa kuyafukuza. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wa Rwanda na Somalia walisaidiwa hivyo na washauri waliotoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe, ambao hawakuwa madaktari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba walipata nafuu kuliko wale waliofuatiliwa tu. Hilo hunipa matumaini makubwa, maana wataalamu kwetu ni wachache.

Ni kweli Tetris, ule mchezo wa kwenye skrini wa kupanga maumbo yanayoanguka, unasaidia?

Kwa kiasi. Mwaka 2017 kundi la mwanasaikolojia Profesa Emily Holmes lilichapisha matokeo ya majeruhi 71 wa ajali za barabarani mjini Oxford, Uingereza. Waliokumbushwa ajali kwa ufupi, kisha wakacheza Tetris ndani ya saa 6 baada ya ajali, walijiwa na picha chache zaidi wiki ile, pengine kwa sababu kugeuzageuza maumbo hutumia uwezo uleule wa akili unaoijenga picha. Hata hivyo, mchezo huo haushiki nafasi ya tiba.

Jirani amenipa diazepamu ili nilale. Nimeze?

Usimeze. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unashauri watu wazima wasipewe dawa za jamii hiyo kwa dalili za mwezi wa kwanza baada ya kiwewe, nazo huzoesha mwili haraka. Ikiwa umekwisha zitumia kwa wiki kadhaa, usiziache ghafla. Daktari atakupunguzia kidogo kidogo.