Kumbukumbu ya Chipu Inakula Umeme? Iache Seli, Shika Waya

Juzi kuna mdogo wangu anayesoma uhandisi wa elektroniki kaniandikia kuhusu SRAM, kumbukumbu ya ndani ya chipu ambayo kila seli yake inashika biti moja, yaani 0 au 1: “Kaka, nataka kubuni seli mpya ya SRAM, transista 9, ipunguze matumizi ya umeme. Nianzie wapi?”

Anza kwa kuachana na hiyo seli. Ile ya kawaida ya transista 6, yaani swichi ndogo sita za umeme, inakutosha.

Niliwahi kuyasema haya kikaoni wakati wa uzamili, mkubwa mmoja akanikata kauli mbele ya wenzangu: “Hiyo ni kazi ya fundi, si utafiti.” Mpaka leo sijamsahau. Wenzangu wakakimbilia seli zenye majina marefu, mimi nikabaki na waya wangu.

Sikiliza. Tuseme seli 256 zinatumia kwa pamoja jozi moja ya nyaya za biti, zile zinazotoa data nje ya seli. Kila ukisoma, waya mmoja unashuka volti, kisha lazima uuchaji tena. Ukiuacha ushuke kutoka volti 1 hadi sifuri, umelipa bei yote. Ilhali kikuza ishara, saketi inayosoma nyaya hizo, kinahitaji tofauti ya kama milivolti 100 tu kujua hii ni 0 au 1. Zima waya wa neno, ule unaofungua seli zisomwe, papo hapo, na nishati ya kuchaji inabaki kama sehemu ya kumi.

Kazi iko kwenye kujua lini uzime. Wengi hupima muda kwa mnyororo wa inveta (saketi ndogo zinazogeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0), lakini joto na volti vikibadilika, inveta hazichelewi sawa na seli. Mimi niliweka safu fupi ya pembeni, ya seli zilezile, urefu wake sehemu ya kumi ya safu halisi. Yenyewe ikishuka kabisa, ile kubwa imeshuka kidogo tu, na hapo ndipo ishara ya kuzima inatoka. Sikuivumbua mimi: Amrutur na Horowitz waliichapisha 1998. Chipu iliporudi kutoka kiwandani ikasoma sawasawa, na yule mkubwa akaniomba faili za michoro. Nilimtumia, bila salamu.

Safu ndefu ikatekate pia iwe vipande, yaani benki. Benki isiyotumika ishushie volti, ila isifike pa kusahau data, maana umeme unavuja hata ikiwa imelala.

Vijana, acheni kupenda vitu vipya kwa sababu ni vipya! Pimeni kwanza umeme unaishia wapi. Nawe mdogo wangu, usiniletee majibu ya nyuzi joto 25 za Selsiasi peke yake. Niletee ya -40 na ya 125, kwa seli iliyo dhaifu kuliko zote.