Albamu ya gitaa peke yako, chumbani
Pole sana, ndugu. Bendi kuvunjika na kazi kuota mbawa mwaka mmoja si mchezo. Unauliza kama unaweza kurekodi peke yako albamu ya majaribio, gitaa tupu bila ngoma wala kuimba. Unaweza, tena usingoje vifaa vya bei. Mwaka 1973 wanamuziki Waingereza Robert Fripp na Brian Eno walitoa albamu ambamo tepu rekoda mbili zilirudiarudia gitaa la Fripp. Leo pedali moja ya lupu (kifaa cha kukanyaga kinachorekodi ulichopiga na kukirudiarudia) inatosha. Zima volyumu ya gitaa, gusa uzi, kisha ipandishe taratibu: pigo linapotea, unabaki mlio mrefu kama wa fidla. Ongeza mwangwi, ila kidogo, ukizidi ni matope matupu. Mlio wa feni ya chumbani ukiingia kwenye rekodi, uache (mimi huupenda). Kuchanganya sauti subiri wiki nzima, masikio yapoe.