Hemoglobini na anemia: kweli ni mzizi mmoja?

SWALI: Shikamoo daktari. Nasoma uuguzi, kwetu ni Lamu. Kliniki tunapima hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu, na mama mjamzito akiwa chini ya gramu 11 kwa desilita tunaandika anemia, upungufu wa damu. Mwalimu asema maneno haya mawili yana mzizi mmoja wa Kigiriki. Mimi siuoni. Na hemiplejia nayo je, ni ya damu?

JIBU: Marahaba mwanangu, ingawa mimi ni mtu wa maabara tu hapa Malindi.

Mwalimu wako yu sawa. Mzizi ni haima, yaani damu. Kinachokupoteza ni h, iliyomo katika hemoglobini na haimo katika anemia. Kwa Wagiriki wa kale ilikuwa pumzi, ikaja kuandikwa kwa kialama juu ya irabu inayoanza neno. Ukitanguliza an-, yaani bila, irabu ile haianzi neno tena na pumzi hukatika: anaimia, bila damu. Wewe uliyezoea kusikia ndia huku vitabu vikiandika njia, hili lisikushangaze.

Basi damu itafute pande zote mbili: mbele hukaa hemo- au hemato-, nyuma -emia. Hipoglisemia ni sukari ya damu kushuka. Hemofilia hunichekesha: tafsiri yake ni kupenda damu, na mgonjwa mwenyewe damu yake ndiyo haigandi vizuri!

Nilipendalo mimi ni hematokriti, kipimo cha kiasi cha chembe nyekundu katika damu; jina ni damu pamoja na kitenzi cha kutenganisha. Twavuta damu kwenye kimrija cha kioo chembamba kuliko njiti ya kiberiti, twakiziba upande mmoja, twakizungusha kwa mashine dakika tano hivi. Kikitoka, nyekundu imelala chini, juu kuna maji ya manjano, na katikati kiukanda cheupe ambacho usipotazama vizuri hukioni. Hizo ndizo chembe nyeupe. Kwa mgonjwa wa leukemia, yaani saratani ya damu, kiukanda hicho huweza kunenepa, na jina lenyewe, alilolitunga Mjerumani Rudolf Virchow mwaka 1847, ni leukos, nyeupe, na haima.

Hemiplejia haina tone la damu. Hemi ni nusu, plege ni pigo: nusu ya mwili imepooza. Wakati mwingine chanzo chake ni damu kuvuja ubongoni, na hapo ndipo wanafunzi huandika hemoplejia. Kwenye faili la mgonjwa andika i.