Maharage ya Jumamosi, mlo wa wiki nzima

Ukiishi peke yako Dar es Salaam, ukatoka kazini jioni na foleni ya Mbagala ikakufikisha nyumbani usiku, hata kumenya kitunguu ni kazi. Hapo chipsi mayai ya mtaani inashinda, na simlaumu mtu. Nimeishi hivyo kwa miaka. Kilichonisaidia ni kuacha kupika kitu kizito usiku nikiwa nimechoka.

Anza na maharage. Nayaloweka Ijumaa usiku. Asubuhi namwaga yale maji, naweka mengine na kuyabandika huku nikifua. Yachemke sawasawa mpaka yalainike kabisa, kwani maharage yasiyoiva, hasa mekundu, huumiza tumbo vibaya. Siyaungi. Yakipoa nayagawa kwenye vikopo, kila kimoja cha mlo mmoja, kisha naweka kwenye friza. Siku ya kazi nayaunga kwa kitunguu na nyanya, yanakuwa tayari kabla wali haujakauka. Ukiwa hoi zaidi, yapashe moto tu, tia chumvi na ndimu, ule na viazi vitamu. Hicho ni chakula kamili, usijione umeshindwa.

Kama huna friji, choroko zitakufaa zaidi. Hazidai kulowekwa usiku kucha na zinaiva upesi, kwa hiyo pika za kula na kumaliza. Kwa joto letu, usilaze mboga mezani mpaka kesho.

Halafu dagaa. Wa Mwanza nawatoa vichwa kwenye ungo, nawaosha kwa maji ya moto mara kadhaa mpaka mchanga usisikike tena chini ya beseni, nawaanika kidogo, nawakaanga wakauke hadi walie kwenye kikaango. Nikishawahifadhi kwenye chupa yenye mfuniko, siku mbili tatu sina wasiwasi wa kitoweo. Unawala wazima na mifupa yao, ndiyo maana wana kalsiamu nyingi, na kwa bei yao sijaona nyama inayowazidi.

Mboga za majani nunua gengeni unapopita, fungu la siku hiyo tu. Mchicha ukiukatia nyanya na kuutia mafuta kidogo hauchukui muda. Kamulia ndimu, maana husaidia mwili kunyonya madini ya chuma ya mchicha na maharage. Chai iachie nafasi, usiinywe papo hapo baada ya kula.

Siku jiko halitazamiki, nenda kwa mama ntilie bila kujilaumu. Agiza wali maharage, mwombe akuongezee mboga, na ununue ndizi mbivu njiani. Lakini kama hamu ya kula imepotea wiki baada ya wiki, usingizi hauji na kila kitu kinakuelemea, mweleze mtu wa karibu na umwone daktari. Hilo halitibiwi na maharage.

Mshahara ukitoka, nunua kwanza vikavu: mchele, maharage, choroko, chumvi. Unga wa dona nunua kidogo kidogo. Una nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe na unashibisha, ila kiini cha hindi kina mafuta, hivyo ukikaa sana unachacha. Kwa mtu mmoja kilo mbili zinatosha. Zikiisha, rudi mashineni.