Mafundi Wanajibu: Mita inasoma 120, kompyuta inasoma 150

Swali: Habari za kazi. Kituoni kwetu kuna mita ya mtiririko ya sumakuumeme kwenye bomba la milimita 150. Skrini ya transmita (kifaa cha mita kinachotuma usomaji) inaonyesha mita za ujazo 120 kwa saa, lakini chumba cha udhibiti wanaona 150. Kila upande unashikilia ya kwake. Nani yuko sahihi?
*Fundi wa pampu, Morogoro*

Jibu: Ndugu, acheni kubishana, pimeni miliampia. Kinachosafiri kwenye waya si namba 120, ni mkondo wa umeme: miliampia 4 ni sifuri, 20 ni kiwango cha juu kilichowekwa kwenye transmita. Kitafute kwenye menyu. Mara nyingi kimeandikwa URV. Tuseme ni 200. Basi 120 ni asilimia 60, na mkondo unatakiwa uwe 4 + (16 × 0.6), yaani 13.6.

Kabla hujagusa waya, mwombe opereta aweke kwenye uendeshaji wa mkono pampu au vali yoyote inayoendeshwa kwa kufuata usomaji wa mita hiyo. Ukikata saketi kimyakimya, PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo) itaona mtiririko umepotea na inaweza kuiongezea pampu kasi. Halafu legeza waya mmoja na uingize multimita katikati yake, ikiwa upande wa miliampia (mA). Ukiigusisha moja kwa moja kwenye chanya na hasi ya volti 24, fyuzi ya multimita imekwenda. Kama kadi ya PLC ina rezista ya omu 250, huna haja ya kukata chochote: pima volti kwenye ncha zake, 13.6 itakupa volti 3.4.

Ukipata 13.6, transmita inatuma sawasawa na kosa liko kwenye kompyuta. Tena kwa namba zako linajionyesha: 13.6 kwenye kipimo cha 0 hadi 250 inasomeka 150 kamili. Kuna aliyebadilisha kiwango upande mmoja akaacha wa pili. Wekeni 200 kote. Msisahau ripoti za nyuma: kama jumla za kila siku zilikokotolewa na kompyuta kutokana na mkondo huo, zimezidi kwa robo. Zisahihisheni kwa kutumia jumla iliyohifadhiwa ndani ya transmita yenyewe.

Ukikuta 3.6 au chini, ama 21 na zaidi, usihesabu mtiririko. Kwa transmita nyingi hiyo ni ishara ya hitilafu.

Swali: Pampu imezimwa na vali imefungwa, lakini mita inarukaruka kati ya 0 na 6. Je, niongeze kikomo cha mtiririko mdogo, kile ambacho chini yake mita huonyesha sifuri?
*Msomaji, Thika*

Jibu: Hicho kiwe cha mwisho. Ukikipandisha, skrini itatulia, na uvujaji wa usiku nao utafichika humo humo. Anza na bomba: limejaa? Maji yakishuka, elektrodi (vipande vya metali vinavyogusa maji ndani ya mita) zinabaki hewani na kuokota kelele za umeme. Washa kitambuzi cha bomba tupu. Kama limejaa, kagua erthi. Bomba la plastiki, au la chuma lenye bitana ndani, linahitaji pete za erthi pande zote mbili za mita, zigusane na maji na ziungwe kwa waya kwenye mwili wa mita. Usiweke sifuri upya mpaka bomba limejaa na maji yametulia kabisa.

Swali: Kaunta ya PLC inahesabu maji machache kuliko mita. Palsi moja (mpigo mfupi wa umeme ambao mita hutuma ili uhesabiwe) ni lita 1.
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Palsi ni nyingi mno. Kwa mfano, mtiririko wa mita za ujazo 120 kwa saa unatoa palsi 33 kila sekunde. Palsi yenye upana wa milisekunde 50, na mapumziko ya kadiri hiyo, huruhusu 10 tu. Zinazobaki hazifiki. Weka palsi moja kwa lita 100, itatoka moja kila sekunde 3, na ubadilishe thamani hiyo hiyo kwenye PLC siku hiyo hiyo.