Kabla ya kununua balbu kali, pima waya: taa za Land Rover ya zamani hapa Lubumbashi

Wenye Land Rover za zamani hapa mjini huniuliza swali lile lile: ninunue balbu gani ili nione usiku? Jibu langu halijabadilika. Usinunue balbu kwanza. Nunua multimita, kile kimita cha mafundi umeme, au kaazime kwa fundi wa redio wa mtaani kwako.

Gari langu ni Land Rover ya aina ya Series IIA. Nalitumia kwenda shambani upande wa Kasenga, na mara nyingi giza hunikuta njiani. Anayeijua barabara ile anajua kinachotembea humo saa moja usiku: baiskeli zilizobebeshwa magunia ya makaa, hazina hata kipande cha kioo cha kung'aa nyuma, mbuzi, watoto wanaorudi na madumu ya maji. Taa dhaifu kwenye barabara kama hiyo ni hatari kwa watu ambao hata hawamo garini mwako.

Pima hivi. Washa taa kubwa, gari likiwa limezimwa, usome volti kwenye vichwa vya betri. Kisha toa taa, uache plagi yake ikiwa imechomekwa, usome tena pale nyuma ya balbu. Kwangu betri ilionyesha 12.4, na kwenye taa zikafika 10.7. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini mwanga wa balbu hupungua haraka kuliko volti: ukipoteza asilimia 10 ya volti, unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Kwa hesabu hiyo nilikuwa natembea na kama asilimia 60 tu ya mwanga wa balbu zangu. Balbu yenyewe ilikuwa nzima kabisa.

Volti zinapotelea wapi? Kwenye magari haya umeme wa taa kubwa husafiri safari ndefu. Unatoka mbele kwenye betri, unakwenda hadi swichi ya dashibodi, unashuka hadi swichi ya sakafuni ile inayokanyagwa kwa mguu wa kushoto kubadilisha mwanga wa juu na wa chini, halafu unarudi tena mbele. Balbu mbili za wati 55 zinavuta zaidi ya ampia 9, na zote zinapita kwenye waya mwembamba wenye umri wa miaka zaidi ya 50 na kwenye swichi ambayo kila msimu wa mvua hupigwa na tope la viatu. Baya zaidi, kisanduku cha fyuzi cha kiwandani kina fyuzi mbili tu, na taa kubwa hazimo. Waya wake ukigusa chuma, hakuna kinachokatika ila waya wenyewe, tena kwa moto.

Na upande wa umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari, yaani ethi, ambayo hapa kwetu tunaiita masi, ndio watu wengi wanausahau. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu na chasisi ni chuma. Metali hizo mbili zikigusana kwenye unyevu huliana. Nilipofungua bakuli la taa ya kushoto nilikuta waya mweusi wa masi umebanwa na skrubu iliyozungukwa na unga mweupe, na juu yake vumbi letu jekundu limeganda kama rangi. Fundi wangu wa Katuba hakuhitaji hata kupima. Aliniambia niwashe indiketa, akaangalia taa kubwa inavyofifia kila indiketa inapowaka, akasema: "Yaya, haiko ampuli (balbu), ni masi!" Kumbuka dalili hiyo. Taa moja ikicheza kwa sababu ya nyingine, anza na masi. Ukitaka uhakika, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye masi ya taa, taa zikiwa zinawaka. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikizidi volti 0.2, kuna kazi. Vuta waya mpya wa masi kutoka kila bakuli hadi kwenye chasisi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga kwa bolti, kisha paka vaselini juu.

Baada ya masi, dawa kubwa ni rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Utahitaji mbili, moja ya mwanga wa juu na moja ya mwanga wa chini, na utazifunga mbele karibu na betri. Zina namba chini: 30, 85, 86, 87. Kwenye 30 leta waya mnene, milimita 2.5 za mraba, moja kwa moja kutoka betri, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Kutoka 87 nenda kwenye taa. Waya wa zamani uliokuwa unawasha taa sasa uunge kwenye 86, na 85 iende kwenye masi. Swichi za zamani zitabaki na kazi ya kuamsha rilei tu, umeme mdogo sana, na zitadumu. Mimi nimeweka fyuzi tofauti kwa taa ya kushoto na ya kulia, ili moja ikikatika nisibaki gizani kwenye kona. Kabla ya kugusa chochote, fungua waya wa masi wa betri.

Kuhusu waya wenyewe, nasema hili kwa msisitizo kwa sababu naliona kila gereji: usikubali waya wa nyumba. Ule una uzi mmoja mgumu, na mtikisiko wa barabara zetu huukata ndani huku nje unaonekana mzima. Taka waya wa gari, wenye nyuzi nyingi laini za shaba. Na mahali pa kuunga pasisokotwe na kuvikwa utepe; joto la injini huugeuza utepe kuwa ulimbo, na wiki chache baadaye unateleza. Tumia vibanio vya chuma, vibanwe kwa koleo lake.

Hapo sasa ndipo tuongee balbu. Taa za mviringo za inchi 7 zina bahati, kwa kuwa vioo vya kupokea balbu ya halojeni ya H4 hupatikana kirahisi. Lakini angalia vimetoka wapi. Vingi vinaingia kupitia Kasumbalesa kutoka Zambia na Afrika Kusini, ambako watu huendesha kushoto. Sisi tunaendesha kulia. Kioo cha kule hupandisha mwanga upande wa kushoto, yaani moja kwa moja machoni mwa dereva anayekuja mbele yako. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba vyote ni sawa. Nilimwomba tuwashe mbele ya ukuta, na mwanga ukapanda kushoto. Ukutani, mwanga wa chini lazima upande kulia.

Balbu ya H4 ya wati 60/55 inatosha. Za wati 100 ziache: mbili zinavuta karibu ampia 17, na dainamo ya Lucas, ile inayochaji betri ya magari haya, hutoa kama 22 tu, ukiwa unakimbia, tena zigawane na injini, waipa na taa nyingine. Balbu za LED ndani ya kioo cha halojeni nazo sizitaki mbele, kwa sababu mwanga wake hautokei pale pale kioo kilipotarajia, basi unatawanyika na kuwapofusha wengine. Nyuma ni habari nyingine. LED nyekundu kwa taa za nyuma na breki zinapunguza mzigo wa dainamo na zinaonekana mbali. Hakikisha kwanza tu ni upande gani wa betri uliofungwa kwenye chuma cha gari lako, maana Land Rover za mwanzo zilifungwa chanya kwenye bodi, na LED ya kawaida humo haiwaki. Ukiweka LED kwenye indiketa, badilisha pia flasha, kile kifaa kinachozifanya ziwake na kuzima.

Mwisho, panga taa. Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, mahali tambarare, likiwa na mzigo unaobeba kawaida. Gunia chache za mahindi nyuma hunyanyua pua yote. Mstari wa juu wa mwanga wa chini uwe sentimita 5 chini ya kimo cha katikati ya taa. Kisha chora njia ya waya zako mpya kwenye karatasi, andika rangi zake, uifunge kwa nailoni pamoja na fyuzi za akiba na rilei moja, uviweke chini ya kiti.