Jeni ni Nzima, Mbona Seli Inachakaa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasomea uuguzi, niko mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba DNA hunakiliwa kwa uangalifu mkubwa na makosa mengi husahihishwa papo hapo. Sasa kama jeni zenyewe ni nzima, seli inachakaa kwa nini? Halafu kuna vidonge vinavyotangazwa kuwa "vinarekebisha jeni" na kurudisha ujana. Vina ukweli wowote?
Mwanafunzi wa uuguzi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umegusa penyewe, maana wengi wakisikia kosa la jeni huwaza DNA peke yake. Jeni hata ikiwa nzima ni lazima isomwe. Kwanza inanakiliwa kuwa RNA mjumbe, kisha ribosomu inaisoma RNA hiyo na kuunganisha amino asidi moja baada ya nyingine mpaka protini ikamilike. Uangalifu hupungua kila hatua. DNA ikishakaguliwa hubaki na kosa kama moja katika kila herufi bilioni 1 (herufi ni vile viungo A, C, G na T vinavyoiunda). Kwenye RNA ni takribani moja katika kila herufi 100,000. Kwenye ribosomu ni moja katika kila amino asidi 1,000 hadi 10,000. Hebu piga hesabu kwa kiwango hicho kizuri cha 10,000: protini za amino asidi 400 zikitengenezwa 100, karibu 4 zitakuwa na kosa. Na hiyo ni seli yenye afya tele!

Seli huyamudu makosa hayo kwa sababu inafanya usafi muda wote. Protini iliyokosewa mara nyingi haijikunji sawasawa kupata umbo lake la kufanyia kazi. Zipo protini saidizi zinazojaribu kuikunja upya. Ikishindikana, hubandikwa alama ya ubikwitini, ambayo nayo ni protini ndogo, na kupelekwa kwenye proteasomu, mashine ya seli ya kukatia protini, ikakatwekatwe. Mabonge makubwa ya protini hizo huondolewa kwa autofaji, yaani seli kumeng'enya taka zake yenyewe, ambayo uchunguzi wake ulimpatia Yoshinori Ohsumi wa Japani Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Umri ukisogea, usafi huo unazorota, na makosa yaleyale ya kila siku yanaanza kurundikana. Seli za neva ndizo huumia sana, kwani hazigawanyiki na kuupunguza mzigo. Mwaka 1998 watafiti wa Uholanzi walieleza jambo lililonishika mpaka leo: katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, walikuta ubikwitini yenyewe imeharibika. Jeni yake ilikuwa nzima, ila RNA yake ilipungukiwa herufi 2. Alama ya kuondolea taka nayo ikawa taka.

Kuna ugonjwa mmoja ambao ningependa uuelewe vizuri, projeria ya Hutchinson-Gilford, inayomzeesha mtoto kabla ya wakati. Chanzo chake kiligunduliwa mwaka 2003: katika jeni ya LMNA, herufi ya 1,824, ambayo ni C, imekuwa T. Ukiitazama haraka utasema haina neno, kwa kuwa RNA husomwa herufi tatu tatu, na GGC na GGT zote humaanisha amino asidi ileile, glisini. Lakini RNA hukatwa na kuunganishwa kabla ya kusomwa, na badiliko hilo huifanya seli iikate mahali pasipo pake. Herufi 150 zinapotea, protini inakosa amino asidi 50. Protini hiyo fupi, progerini, hung'ang'ania utando wa kiini cha seli, na kiini kinapinda na kupoteza umbo lake. Mishipa ya damu hukakamaa, na bila tiba wengi hufariki wakiwa na miaka kama 14, kwa moyo au kiharusi. Seli za watu wasio na ugonjwa huu nazo hukosea kukata hapohapo mara chache, na kutengeneza progerini kidogo.

Sasa vidonge. Utafiti wa mwaka 2021 ulibadilisha amino asidi moja tu katika protini ya ribosomu. Hamira, minyoo na nzi wakasoma RNA kwa usahihi zaidi na wakaishi muda mrefu zaidi. Rapamisini nayo ilipunguza makosa ya usomaji, ila hiyo ni dawa ya kushusha kinga, hupewa waliopandikizwa figo. Lonafarnibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa ajili ya projeria, huwaongezea watoto maisha kwa kuzuia progerini isishikamane na utando. Jeni haiigusi kabisa. Hivyo vinavyotangazwa havijathibitishwa kwa binadamu kupunguza hata kosa moja kati ya haya niliyokueleza. Mgonjwa akikuuliza wodini, mwambie asinunue.